Televisheni ya Bi Raheli

Haingo, mhudumu wa kaunta, alikuwa amekwisha kaa kwenye puspusi, godoro lake limefungwa kwa kamba nyuma ya kigari na sufuria mbili ziko mapajani, na mvutaji alikuwa ameshainua vishikio akisubiri kuambiwa njia. Ilikuwa mwezi wa sita. Majani ya uani yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, na mvutaji alikuwa peku, kama kawaida yao. Tulisimama mlangoni watatu kumwangalia anavyoondoka: Bi Raheli, mwenye gesti, amejifunika shuka lake begani, mwanawe Solofo, mikono mfukoni, na mimi, niliyemfukuzisha.

"Mzee Ravelo," Haingo aliniambia bila kupandisha sauti, "uzi wako nimeuona. Mungu naye auone."

Akamwambia mvutaji amshushe stesheni, na kigari kikateremka mteremko kikigongagonga mawe. Solofo akanishika bega. Akasema niache kumsikiliza, mwizi akifukuzwa lazima atupe neno. Nikaingia ndani kunywa maji ya ukoko wa wali, nikijiona nimemaliza kazi.

Huo uzi nitaueleza, maana ndio uliokuja kunimaliza.

Gesti ya Bi Raheli iko chini kidogo ya mabafu ya maji moto, hapo Antsirabe. Ina mgahawa chini, vyumba tisa na sebule juu, na kuta zake ni za tofali la kuchoma, nene kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Nyumba kama hizo huhifadhi joto vizuri, ila mawimbi ya waifai hufia ndani yake. Unaweka ruta kaunta, mgeni wa chumba cha pili anapata vijiti viwili, wa chumba cha tano hapati kitu, anashuka na blanketi kukaa ngazini na simu yake kama mtu aliyegombana na mkewe. Mimi ndiye niliyezitibu nyumba hizo, mtaa mzima ule.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unapita kila chumba na simu mkononi, unaandika ukutani kwa penseli nguvu ya mawimbi. Unachora nyumba kwenye karatasi. Halafu unavuta waya kutoka kwenye ruta hadi pale mawimbi yanapofia, unafunga kisanduku kingine pale, unakipa jina lile lile na neno la siri lile lile, lakini chaneli tofauti ili visigombane. Mgeni anatoka mgahawani na simu yake hadi kitandani bila kujua kwamba visanduku vitatu vimempokezana. Wenye haraka hununua kimoja chenye antena sita wakidhani antena zitatoboa tofali. Hazitoboi. Nimewaambia watu hivyo tangu nywele zangu zingali nyeusi, wakati huo zikiwa antena za redio.

Na kila kichwa cha waya nilichokibana, nilikizungushia uzi mwekundu mara tatu na fundo moja. Fundi redio wa Mahajanga aliyenipa mwezi mmoja wa mafunzo, kabla hajanifukuza, alikuwa akifanya hivyo. Aliniambia fundi aweke alama kwenye kiungo chake ili kikiharibika watu wajue wa kumwita. Nilizunguka na uzi huo Moroni, Unguja, Toliara, na mwishowe Antsirabe, na popote ulipouona ulijua Ravelo alipita.

Kwa Bi Raheli nilifika kama mgeni wa siku tatu, nikakaa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa pili nilikuwa juu ya paa nafunga antena, nikashika waya wa umeme uliokuwa umechubuka. Mkono ukaganda. Solofo, aliyekuwa ananishikia ngazi, akapanda na mwiko wa mbao wa jikoni kwa mama yake akanipiga nao hadi nikaachia. Kidole kimoja bado hakikunjiki. Wiki ile tulichanjiana. Ini la ng'ombe, damu yake kwangu na yangu kwake, na mzee mmoja akiitamka laana kwa yule atakayemgeuka mwenzake. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na mitano, yeye hajafika arobaini. Tangu siku ile aliniita kaka, na nilimfundisha kila nilichojua: kubana waya, kuchagua chaneli, kuficha waya chini ya mbao za sakafu. Uzi pia nilimwonyesha.

Siku ya kuchanjiana Bi Raheli alisema jambo mbele ya watu. Alisema mwenye damu ya mwanawe hawezi kulala nje, na kwamba katika kaburi la familia yao kuna kitanda cha jiwe kitupu, cha pili kutoka chini, upande wa mashariki. Hicho ni changu.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hilo lina uzito gani. Mimi nilitoka nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa na sikurudi kumzika baba. Ndugu zangu walijenga kaburi jipya, wakahamisha wafu wote, wakagawana nafasi, na jina langu halikutajwa. Sikuwalaumu. Lakini mtu asiye na kaburi ni kama mbwa wa barabarani, na mimi nilishaanza kuamka asubuhi na magoti yananiambia umri. Mwezi wa nane wa mwaka ule aliofukuzwa Haingo kaburi la kina Bi Raheli lingefunguliwa, wafu wavikwe sanda mpya, na Bi Raheli alikuwa amesema siku hiyo atanionyesha mahali pangu mbele ya ukoo ili baadaye asije mtu kubisha.

Basi. Mwishoni mwa mwezi wa tano wageni walianza kulalamika. Jioni ikifika intaneti inakuwa nzito kama uji uliopoa. Mama mmoja kutoka Fianarantsoa alikuwa akiongea na bintiye aliye Ufaransa, sura ya binti ikawa inaganda mdomo wazi; akaniita akaniuliza kama nimeifunga mitandao hii kwa kamba za katani.

Nilifungua ruta nikaangalia orodha ya vilivyounganishwa. Simu za wageni zilikuwa kumi na kitu, kila moja inakula kidogo. Lakini tundu la nne nyuma ya ruta lilikuwa na waya, na kilichokuwa upande wa pili wa waya huo kilikula nusu ya chakula chote peke yake. Hakikuwa na jina. Nikamuuliza Solofo.

"Si televisheni ya mama, kaka," akasema. "Nilimvutia ule waya wako wa zamani. Akimaliza mahubiri anaingia kwenye tamthilia za Wakorea. Mwache mwanamke mzee alie machozi yake."

Ule waya wa zamani niliujua. Nilipofunga mtandao wa nyumba ile nilitaka kisanduku cha juu kikae sebuleni, pembe ya kaskazini-mashariki, maana ukiweka pale vyumba vyote vya juu vinapata. Nilishavuta waya chini ya mbao hadi karibu na pale. Bi Raheli alipojua akanishika mkono wenye keekee. Pembe ile ni ya mababu. Hapo kuna rafu yenye picha za marehemu, Biblia, chupa ya ramu isiyonywewa na mtu aliye hai, na kitambaa cheupe. Hatoboi mtu ukuta huo. Nikaona aibu, mimi mzima kusahau, nikakiweka kisanduku kwenye korido na mwisho wa waya nikauacha umekunjwa chini ya mbao. Kwa hiyo Solofo aliposema televisheni, nayo iko hapo hapo sebuleni, iliniingia akilini vizuri. Nilishika simu nikakipa kile kitu jina kwa kidole changu mwenyewe kwenye orodha: Televisheni ya Bi Raheli.

Hata hivyo nilikagua nyumba, nisionekane mzembe. Nilipita na simu chumba hadi chumba nikitafuta kama kuna kisanduku cha mtu mwingine. Sebuleni simu ilinionyesha mtandao usio na jina, wenye nguvu sana. Nilivyosogea mashariki ukazidi. Nilipofika hatua nne kutoka kwenye rafu ya mababu nilisimama, nikakunja mikono kwa heshima, nikageuka. Dirisha liko karibu na pale, na ng'ambo ya barabara kuna chumba cha michezo, vijana wanacheza mpira kwenye skrini kuanzia jioni. Nikasema mtandao huo unatoka kwao, unaingia dirishani. Kwa nyumba yoyote nyingine ningeufuata hadi ukutani.

Siku mbili baadaye Solofo aliniletea kikaratasi. Ni vile vikaratasi vya neno la siri ambavyo Haingo, aliyekuwa akikaa kaunta, aliwaandikia wageni kwa mkono wake. Solofo alisema amemnyang'anya kijana mmoja wa pale ng'ambo. Mwandiko ulikuwa wa Haingo kweli. Nilibadilisha neno la siri. Wiki ile ile Solofo akaleta kikaratasi kingine. Haingo alipoulizwa alisema vikaratasi huwapa wageni, na mgeni akitoka nacho yeye atamfuata barabarani? Jibu la haki kabisa. Lakini Bi Raheli aliniuliza mimi kama fundi, na mimi kama fundi nikasema nyumba nimeikagua, hakuna kisanduku cha wizi humu, kwa hiyo neno linatoka mdomoni mwa mtu. Haingo alinitazama. Hakujitetea tena.

Ndipo tukafika kwenye ile puspusi na ule umande.

Haingo aliondoka siku ya Jumatatu. Nilibadilisha neno la siri nikawa nawaandikia wageni mimi mwenyewe. Jumatatu ile jioni uji ulikuwa mzito vile vile. Jumanne pia. Solofo akasema labda kampuni inayotuletea intaneti ndiyo inatuibia, na mimi nikawatukana kwa simu watu wasio na hatia, hadi yule binti wa huduma akaniambia babu, kwetu huku kila kitu kinafika.

Alhamisi televisheni ya Bi Raheli ikafa. Umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, kioo kikawa cheusi. Solofo hakuwepo, alikuwa amekwenda Betafo kununua ng'ombe wa sherehe. Nikaibeba mwenyewe hadi kwa fundi wa sokoni, nikaiacha juu ya meza yake imefunguliwa tumbo.

Jioni, saa moja hivi, mgeni akalalamika. Nikafungua orodha.

Televisheni ya Bi Raheli ilikuwa inakula nusu ya chakula chote.

Nilikaa na ile simu mkononi. Nilifikiria kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa mbele yangu. Nikajisemea labda orodha imechelewa kujisafisha. Nikazima ruta nikaiwasha. Ikarudi pale pale, ya kwanza kwenye orodha, na jina nililoipa mimi.

Ijumaa mchana Bi Raheli alikwenda kanisani kwenye kikundi cha akina mama. Nilipanda sebuleni. Nilivua viatu, nikasimama mbele ya rafu, nikasema hodi kwa marehemu na kuwaambia mimi ni ndugu wa kuchanjiana wa mtoto wao, na natafuta waya. Sikuona vizuri kwa sababu macho yalikuwa na maji, ni baridi pia. Nikaisogeza picha kubwa ya katikati, ya marehemu baba yake Solofo, amevaa koti na kofia ya majani.

Nyuma yake palikuwa na kisanduku cheupe, kidogo kama kisahani, uso wake umeelekezwa dirishani. Taa ya kijani inawaka. Waya ulikuwa umepandishwa nyuma ya rafu bila kutobolewa ukuta hata kidogo, kazi safi. Na kwenye kichwa cha waya, uzi mwekundu, mara tatu, fundo moja. Sikuwa nimeufunga mimi. Fundo langu hulala kushoto kwa sababu ya kile kidole, na hili lilikuwa limelala kulia.

Nikarudisha picha. Nikavaa viatu nikavuka barabara.

Chumba cha michezo hakikuwa na mchezaji saa ile. Skrini sita, viti vya plastiki, na juu ya dirisha linalotazamana na sebule ya Bi Raheli, kisanduku pacha cha kile cha rafuni, kimefungwa uzi. Nyuma ya meza alikaa Solofo, amesharudi kutoka Betafo, na funguo zote za mle ndani zikiwa kiunoni mwake.

Hakuruka, hakukana. Alinivutia kiti.

"Ni pangu tangu mwaka jana," alisema. "Nimeandikisha kwa jina la rafiki. Nina miaka arobaini na nane, kaka, na mama bado ananituma mkaa."

Nikamuuliza kwa nini hakuninong'oneza, ningemvutia waya wake halali siku moja tu. Akasema ningemwambia mama yake. Kweli, ningemwambia. Nikamuuliza kwa nini nyuma ya baba yake. Akacheka kidogo kwa pua.

"Kwa sababu yako. Ningekiweka mahali pengine popote ungekiona siku ya kwanza. Pale nilijua utafika hatua nne, utakunja mikono, utageuka."

Alizihesabu hata hatua. Nimepigwa na mabaharia, nimelazwa rumande Toliara kwa kosa la mtu mwingine, lakini sijawahi kupigwa mahali kama pale.

Nikamuuliza Haingo alimkosea nini. Akasema Haingo alianza kuuliza waya wa tundu la nne unaenda wapi. Vikaratasi yeye Solofo alivitoa kwenye kapu la takataka la mgahawa.

Kisha akasogea akaongea kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi. Kaburi linafunguliwa baada ya wiki sita. Nikisema sasa, mama atavunjika, sherehe itaahirishwa miaka saba mingine, na mimi ninayo miaka saba? Ninyamaze, nionyeshwe kitanda changu, halafu yeye mwenyewe atakiondoa kisanduku taratibu na hakuna atakayejua. Laana ya kuchanjiana hakuitaja, nami sikuitaja.

Nilinyamaza siku kumi na moja. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikula mezani pamoja naye kisamvu kwa nyama ya nguruwe, nikamwangalia mama yake akihesabu mikeka ya kuwalaza wafu, na kila nilipotaka kufungua mdomo nilikiona kile kitanda cha jiwe, cha pili kutoka chini. Wageni walipolalamika niliwaambia ni kampuni.

Siku ya kumi na moja nilikwenda stesheni. Haingo alikuwa amechuchumaa kwenye jiko lake la mkaa, anakaanga vitumbua, watu wamepanga foleni mbele yake na mabakuli.

"Umekuja kuomba msamaha au kula?" akaniuliza. "Kama ni kula, foleni mwisho wake kule."

Nilikaa kwenye foleni. Nilipofika mbele nikamwambia nilichokiona, chote, pamoja na zile siku kumi na moja. Aliendelea kugeuza vitumbua. Akasema waya wa tundu la nne aliuona zamani, una uzi mwekundu, akajua mwizi ni mimi na Solofo pamoja. Ndiyo maana hakunijia. Ndiyo maana hakujitetea siku ile: anajitetea kwa nani, kwa mwizi mwenyewe?

"Sasa nenda kaseme," akaniambia. "Usiseme kwa ajili yangu. Mimi nina jiko langu."

Nilirudi kwa miguu. Njiani puspusi ilinipita inakwenda mbio na ndani yake amekaa Solofo, ametazama mbele. Alikuwa ametoka stesheni, na bila shaka aliniona kwa Haingo.

Nilipofika gesti, Bi Raheli aliniita juu. Alikaa kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, shuka begani. Mezani palikuwa na kile kisanduku cheupe na kipande cha waya, na uzi mwekundu umelazwa juu ili uonekane. Solofo alisimama dirishani. Alikuwa amekata fundo lake akalifunga upya; sasa lililala kushoto.

Bi Raheli alisema mwanawe amekikuta kitu hiki nyuma ya picha ya baba yake. Akauliza katika nyumba hii nani anafunga nyaya kwa uzi huu.

Nikamweleza. Nilisema yote kwa mpangilio, televisheni kwa fundi, orodha, chumba cha michezo, funguo kiunoni. Nilimwambia atume mtu avuke barabara aangalie dirisha la pale. Solofo alisema kwa sauti ya huzuni kwamba mzee amechoka, aliniombea nisamehewe, akasema labda vijana wa ng'ambo walinirubuni kwa kitu. Bi Raheli hakutuma mtu. Ni mwanamke aliyeendesha gesti miaka thelathini. Mgeni akiiba taulo alimjua kabla hajafunga begi.

Mwishowe aliniambia nisimame mbele ya pembe ya mababu, niape.

Hilo sikuliogopa. Nilivua viatu. Kisha nikakumbuka laana ya ini, na nikaona kwamba kama sisi wawili tutaapa pale, mmoja ametamka kifo chake. Nikageuka.

"Mama, naapa mimi peke yangu, au tunaapa wote wawili?"

Solofo alitazama sakafu. Mama yake alilivuta shuka lake likamfunika hadi shingoni. Nje mvutaji wa puspusi alikuwa anabishana na mtu juu ya magunia.

"Wewe peke yako," akasema.

Basi nikajua kwamba anajua. Huenda alijua tangu asubuhi ile Haingo alipoondoka, au hata kabla yake. Alikuwa na mtoto mmoja, na hakuweza kumsimamisha pale na uongo mdomoni, mbele ya baba yake. Mimi alinipenda, sina shaka. Alinipenda hadi pale.

Nikavaa viatu. Nikamwambia siapi peke yangu. Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemsaidia kubeba kitu, akasema mwezi wa nane nisihangaike kuja. Akaongeza kwamba naweza kulala hadi kesho. Nikakusanya koleo langu, keekee na simu ya kupimia, nikaondoka mchana ule ule. Solofo alinifuata hadi getini, akaniita kaka. Sikugeuka.

Kaburi lilifunguliwa mwezi wa nane kama ilivyopangwa. Niliambiwa ngoma zilikuwa nzuri. Kwenye kitanda cha pili upande wa mashariki alilazwa mpwa wa Bi Raheli aliyefia Ambositra. Bi Raheli alikufa miaka mitatu baadaye kwa kifua, na yuko pale pale, juu ya mumewe. Solofo hajafa wala hajaugua. Ameunganisha gesti na chumba cha michezo, ameweka visanduku vinane, na nasikia mtandao wake ni mzuri. Bado anafunga uzi mwekundu, na watu wapya wa mtaa wanadhani ni alama yake. Televisheni fundi hakuiweza. Ilikaa sokoni hadi mtu akanunua kioo chake. Haingo ana mgahawa karibu na stesheni, meza saba. Aliniita nimfungie waifai, nikafunga visanduku viwili, akasimama nyuma yangu muda wote akikagua kila tundu. Pembe ya kaskazini-mashariki niliiangalia ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia picha za wazazi wake. Nilifunga nyaya bila uzi.

Mimi niko Mahajanga. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vipuri, na nafanya nyumba mbili tatu kwa wiki, za chini, maana ngazi siziwezi tena. Kaburi sina.